Sala Yangu Juu ya Bahasha Iliyofungwa

SWALI

Shikamoo Mwalimu,

Nimekuwa nikiisoma safu yako kwa miaka kadhaa bila kuwaza kwamba siku moja nami nitaandika, lakini sasa maji yamezidi unga. Nina umri wa miaka 41, ni mama wa watoto wawili, nami ninaishi Nairobi. Nilizaliwa Taita katika familia ya Kikristo, nikaingia dini ya Kiyahudi miaka tisa iliyopita baada ya masomo marefu, kisha nikaolewa na mwanamume aliyezaliwa Myahudi. Ninayasema haya ili uelewe kwamba mambo ambayo wenzangu walikua nayo nyumbani, mimi nimejifunza ukubwani, na yapo mengi ambayo hadi leo ninayapapasa tu.

Miezi miwili iliyopita mume wangu alitokwa na uvimbe shingoni, chini kidogo ya sikio. Daktari alimkata kipande kidogo cha nyama kikapelekwa maabara. Siku ya kuchukua majibu yeye alikuwa na homa, kwa hiyo nilikwenda mimi. Nilikabidhiwa bahasha ya kaki iliyobanwa kwa pini mbili na kugongwa muhuri, nikaambiwa niipeleke kwa daktari bila kuifungua. Miguu ilikataa kunipeleka. Nilikaa kwenye benchi nje ya jengo, nikaipakata ile bahasha kama mtu anavyompakata mtoto, nikafumba macho na kusema, "Bwana wa ulimwengu, karatasi iliyomo humu isiwe na neno saratani." Niliyarudia maneno hayo mpaka midomo ikakauka.

Neno hilo lilikuwemo. Vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba ugonjwa umekwisha kufika kwenye mapafu. Daktari bingwa alituambia waziwazi kwamba dawa zitaupunguza kasi, lakini hatarajii kwamba utaisha.

Sabato iliyofuata nilimsimulia yote mzee mmoja wa sinagogi yetu, mtu mwenye elimu ambaye ninamheshimu sana. Alinijibu kwa upole, ila jibu lenyewe limenikaa kooni kama mfupa. Alisema kwamba nilichofanya kwenye benchi ni sala ya bure, ambayo Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria zetu, inaikataa, kwa kuwa kilichokuwa kwenye karatasi kilikuwa kimekwisha kuandikwa. Akaongeza kwamba hata sasa, kumwombea uponyaji mtu ambaye madaktari wamekata tamaa naye ni kuomba muujiza, na kwamba sheria yetu haimruhusu mtu kumtaka Mungu avunje desturi ya dunia kwa ajili yake.

Kwa upande wa pili yuko dada yangu mkubwa, mlokole mwenye moyo wa dhahabu, ambaye anataka tumpeleke mume wangu kwenye mkutano wa maombi na tusimamishe dawa kwa siku zote za maombi, kwa sababu, anavyoona yeye, anayemeza vidonge huku anaomba bado ana mashaka.

Mwalimu, je, nilitenda dhambi? Je, sala yangu imemdhuru mume wangu? Ninaruhusiwa kuendelea kuomba apone? Kila asubuhi nikifika kwenye baraka ya uponyaji ulimi unakuwa mzito. Tena kuna jambo linalonichanganya zaidi: kama haturuhusiwi kumwomba Mungu aingilie kati katika maumbile, mbona tunamwomba mvua?

Ni mimi,
Mke mwenye bahasha

JIBU

Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa mzigo uliotwishwa kwa muda mfupi namna hii. Mumeo nampa pole pia, na watoto, ambao bila shaka wanaona zaidi ya wanavyoambiwa.

Nitaanza na lile ambalo nadhani ndilo linalokuamsha usiku. Sala yako haikumdhuru mumeo. Hakuna mahali ambapo Mishna inasema kwamba sala ya bure humletea madhara yule anayeombewa, wala haisemi kwamba mwombaji amefungiwa mlango kwa sala zitakazofuata. Neno lenyewe la Kiebrania, "shav", linamaanisha kitu kitupu, maneno yasiyokuwa na cha kushika. Wanazuoni walikuwa wakiilinda sala isigeuke kuwa njia ya kukanusha jambo lililokwisha kutokea. Hawakuwa wakiwawinda watu wenye hofu.

Mzee wako amekutajia mafundisho ya kweli, lakini naona ameyakata kabla hayajafika mwisho. Mishna ya Berakhot, sura ya 9, inasema kwamba anayelilia jambo lililopita anasali sala ya bure, na inatoa mifano miwili. Wa kwanza ni mtu ambaye mkewe ni mjamzito, naye anaomba mtoto awe wa kiume. Wa pili ni mtu aliyetoka safarini ambaye, akikaribia mjini, anasikia kilio, kisha anaomba kilio hicho kisiwe cha nyumbani kwake. Mfano huu wa pili ndio unaofanana zaidi na wako, na kila niusomapo namwona mtu huyo amesimama barabarani na mzigo wake, akihesabu kwa macho mapaa ya nyumba. Msiba umekwisha kutokea kwa mtu fulani. Akiomba usiwe wake, anaomba kilichotokea kiwe hakikutokea, na hata bila kukusudia anaomba kiwe kimemfika jirani.

Talmudi, yaani mjadala mrefu wa wanazuoni juu ya Mishna, ikiufafanua mfano wa kwanza, inaleta pingamizi kutoka katika maisha ya Lea, mke wa Yakobo. Lea alikuwa na mimba, akapiga hesabu kwamba makabila yatakuwa 12. Sita yametoka kwake na manne kwa wajakazi, na kama huyu aliye tumboni ni mvulana, dada yake Raheli hatafikia hata fungu la mjakazi mmoja. Alijihukumu mwenyewe, na mtoto akageuka kuwa msichana, ndiye Dina. Basi imekuwaje sala kama hiyo iitwe ya bure? Yametolewa majibu mawili. La kwanza ni kwamba hatujengi kanuni juu ya matendo ya muujiza. La pili ni kwamba huenda Lea aliomba ndani ya siku 40 za kwanza, wakati ambapo, kwa elimu ya siku zile, jinsia ilikuwa haijaamuliwa. Kisha Talmudi inampangia mzazi la kuomba kwa kila kipindi: siku tatu za kwanza aombe mbegu isioze, kisha hadi siku ya 40 aombe mvulana, kisha hadi mwezi wa tatu aombe mimba isiharibike umbo, kisha hadi mwezi wa sita mtoto asizaliwe mfu, na tangu hapo hadi mwezi wa tisa atoke kwa salama.

Nimeupenda mpangilio huo tangu ujana wangu, na ningependa uusome polepole. Leo tunajua kwamba jinsia huamuliwa mapema zaidi ya walivyodhani, lakini hilo halibadilishi mwendo wa hoja yao. Sala haikomi katika kipindi chochote cha mimba. Mlango mmoja ukifungwa, sheria inamwonyesha mwombaji mlango wa pili ulio wazi, na inamtaka aelekeze maneno yake pale ambapo jambo bado halijaamuliwa. Tena hata mpaka huo haukukubaliwa na wote. Talmudi ya Yerusalemu inataja maneno ya Rabi Yehuda ben Pazi kwamba hata mwanamke akiwa amekwisha kukaa kwenye kiti cha uzazi mtu anaweza kuomba, kwa kuwa Yeremia alisema sisi ni kama udongo mkononi mwa mfinyanzi.

Sasa turudi kwenye benchi lako. Kuna fundisho jingine ambalo mzee hakulitaja, nalo linahusu mkulima anayekwenda kupima nafaka yake. Kabla ya kupima anaomba, "Na iwe radhi yako ulete baraka katika kazi ya mikono yetu." Akianza kupima anasema, "Amebarikiwa aletaye baraka katika lundo hili." Lakini akimaliza kupima ndipo aombe, hiyo ni sala ya bure, kwa sababu baraka haikai katika kitu kilichopimwa wala kuhesabiwa, bali katika kile kilichofichika machoni. Angalia vizuri: nafaka ilikuwa imekwisha kuvunwa na kupurwa, na lundo limekaa sakafuni. Hata hivyo, maadamu hakuna aliyejua kipimo chake, mkulima aliruhusiwa kuomba.

Basi bahasha ni kama lundo la nafaka au ni kama kilio cha mjini? Wapo wanazuoni waliolitumia fundisho la nafaka kumpa nafasi mtu aliye katika hali yako, na wapo waliosema kwamba ugonjwa uliokwisha kuota ni jambo lililopita. Maoni yangu, ambayo si hukumu ya rabi, ni kwamba karatasi yenyewe inafanana na kilio, kwa kuwa yupo mtu maabara aliyeona kwa darubini na kuandika, kama vile mjini walikuwapo waliojua nani amefiwa. Kwa maana hiyo maneno uliyoyatumia hayakuwa maneno bora. Lakini mwanamke aliyepakata bahasha kwenye benchi hakuwa anaomba wino ubadilike. Alikuwa anaomba mumewe aishi, na ombi hilo halikuwa la bure dakika ile, wala si la bure leo.

Umeuliza kuhusu mvua, na swali hilo ni zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu humo ndimo sheria inapoonyesha sura yake yote. Kumwomba Mungu aingilie kati katika maumbile si jambo linalovumiliwa tu katika dini yetu. Ni wajibu uliopangiwa tarehe. Wayahudi walio nje ya nchi ya Israeli huanza kuomba "umande na mvua" usiku wa tarehe 4 Desemba, au tarehe 5 ikiwa mwaka unaofuata ni mrefu, wenye siku 366, na huendelea hadi Pasaka. Katika nchi ya Israeli huanza mapema zaidi, tarehe 7 ya mwezi wa Heshvan, siku 15 baada ya sikukuu ya Vibanda, ili hujaji wa mwisho aliyekuja Yerusalemu awe amefika mto Frati kabla njia hazijageuka matope. Kumbe hata ombi la mvua, ambalo uhai wa nchi nzima uliutegemea, lilicheleweshwa kwa huruma ya mtu mmoja wa mwisho njiani. Lakini Siku ya Upatanisho Kuhani Mkuu, akitoka Patakatifu pa Patakatifu, aliomba kwamba sala za wasafiri zisikubaliwe wakati dunia inahitaji mvua. Msafiri ana haki ya kusubiriwa, ila hana haki ya kuwanyima wengine maji kwa sababu ya viatu vyake.

Kwa hiyo mvua huombwa katika majira ya mvua. Mwombaji hamtaki Mungu abomoe mpango wa mbingu. Anataka mbingu zifanye kazi iliyo desturi yao, zisizuiwe. Na pale ambapo majira ya mahali hayalingani na kalenda, sheria ilijua la kufanya. Watu wa Ninawi walimwuliza Rabi Yehuda Mkuu, aliyeikusanya Mishna, wafanyeje, kwa kuwa wao walihitaji mvua hata katika mwezi wa Tamuzi, kiangazi kikiwa kikali. Akawajibu kwamba wao ni kama watu binafsi, waombe katika baraka ya "Asikiaye sala" na si katika baraka ya miaka, ambamo jamii yote huomba mvua. Karne nyingi baadaye Rabi Asher ben Yehiel, aliyetoka Ujerumani akawa rabi wa Toledo, alijaribu mwaka 1313 kuwashawishi wenzake kwamba nchi nzima ifuate majira yake yenyewe, lakini hawakumkubalia, na Shulchan Arukh, mwongozo wetu mkuu wa sheria uliochapwa Venice mwaka 1565, ukabaki na jibu la Ninawi hata kwa nchi kubwa kama Hispania. Katika karne ya 17 Wayahudi wa Brazil nao walimwandikia Rabi Hayyim Shabtai wa Salonika kwamba mvua ya miezi ile ingewaletea madhara. Akawaambia wasiiombe katika baraka ya miaka, na wakati wao wa kuihitaji waombe katika "Asikiaye sala". Nanyi mlio karibu na ikweta, ambako vuli inakaribia kuisha mnapoanza kuiomba mvua na masika inaendelea baada ya Pasaka, mmerithi swali hilohilo pamoja na jibu lake. Baraka ya "Asikiaye sala" ipo katika kila sala ya siku za kazi, na mtu anaweza kutia humo kila haja aliyo nayo.

Basi kilichokatazwa ni nini? Hapa mzee wako amesimama mahali imara. Sefer Hasidim, kitabu cha Wayahudi wa Ujerumani kinachohusishwa na Rabi Yehuda Mcha Mungu wa Regensburg, aliyefariki mwaka 1217, kinasema kwamba mtu asiombe jambo lisilowezekana kwa maumbile, hata kama Mungu ana uwezo nalo, na kinatoa mfano wa mti kuzaa matunda kabla ya wakati wake. Rabi Akiva Eger, aliyeishi kati ya mwaka 1761 na 1837, aliyanakili maneno hayo pembeni mwa sheria ya sala ya bure. Mfano wa mti haukutoka hewani. Talmudi inasimulia juu ya mwana wa Rabi Yose wa Yokrat, aliyeona vibarua wa baba yake wana njaa, akauamuru mtini utoe matunda, nao ukatoa, wakala. Baba aliposikia hakufurahi. Alimwambia mwanawe kwamba amemsumbua Muumba wake autoe mtini matunda kabla ya wakati, kisha akatamka neno zito, kwamba naye aondoke duniani kabla ya wakati wake.

Kuna kisa kingine kinachonigusa zaidi. Mtu mmoja alifiwa na mke aliyemwachia mtoto anayenyonya, naye hakuwa na fedha za kumlipa mnyonyeshaji. Akatendewa muujiza, matiti yake yakafunguka, akamnyonyesha mtoto. Rav Yosef aliposikia alisema, mtu huyu ni mkuu kiasi gani hata akatendewa hivyo. Abaye akasema kinyume chake, mtu huyu ni duni kiasi gani hata mpangilio wa uumbaji ukabadilishwa kwa ajili yake. Mimi ninamwelewa Abaye, ambaye hakuona kwa nini riziki isingeweza kumfikia mtu yule kwa njia ya kawaida. Lakini angalia kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyesema mtoto alipaswa kuachwa afe.

Walikuwapo wachache waliothubutu. Honi alichora duara, akasimama ndani yake, akaapa kwamba hatoki mpaka mvua inyeshe, na alikuwa na uhakika kiasi kwamba aliwaambia watu waingize ndani majiko ya udongo ya Pasaka yasije yakalowa na kuyeyuka. Mvua ilikuja, ikazidi, na Shimon ben Shetach akamtumia ujumbe kwamba kama asingekuwa Honi angemtenga na jamii. Hanina ben Dosa naye alimkuta binti yake amehuzunika jioni ya Sabato kwa kuwa alitia siki katika taa badala ya mafuta. Akamwambia kwamba aliyeyaamuru mafuta yawake ataiamuru siki nayo iwake, na taa ikawaka mpaka Sabato ikaisha. Visa hivi tunavisoma kwa upendo, ila hatukuamriwa kuviiga.

Wanazuoni wetu wakubwa hawakukubaliana hata juu ya maana ya desturi ya dunia. Musa bin Maimon alielekea kusema kwamba miujiza iliwekwa ndani ya maumbile tangu kuumbwa kwake. Musa bin Nahman aliandika kwamba mtu hana fungu katika Torati mpaka aamini kwamba mambo yetu yote ni miujiza, mingine ikiwa imefichika. Lakini wote wawili walisali, na wa kwanza alikuwa tabibu aliyechoka kila jioni kwa wingi wa wagonjwa wake.

Sasa mumeo. Mzee amelichukua katazo la mtini na kuliweka juu ya kitanda cha mgonjwa, na hapo siko pamoja naye. Mgonjwa aliye hai si jambo lililopita, wala kupona si kuzaa matunda kabla ya wakati. Mfalme Hezekia aliugua, na nabii Isaya akamletea neno kwamba atakufa na hatapona. Talmudi inasema Isaya alimwambia kwamba hukumu imekwisha kutolewa. Hezekia akamjibu, "Mwana wa Amozi, maliza unabii wako uondoke, kwa maana nimepokea kutoka kwa mababu zangu kwamba hata upanga mkali ukiwa umewekwa shingoni mwa mtu, asijizuie kuomba rehema." Aliyeleta habari ile alikuwa nabii, naye alisema kwa jina la Mungu, na bado Hezekia akaugeukia ukuta akaomba, akaongezewa miaka 15. Daktari wako si nabii. Amekuambia kwa uaminifu anachokitarajia kutokana na wagonjwa wengi aliowaona, na unapaswa kumsikiliza kwa makini unapopanga mambo ya nyumba yako, lakini matarajio yake hayakuondolei ruhusa ya kuomba.

Dada yako anaijua Biblia, kwa hiyo msomee kisa hicho hadi mwisho wake. Isaya, baada ya kupewa habari njema, aliagiza uletwe mkate wa tini, nao ukawekwa juu ya jipu la mfalme, akapona. Ahadi ilikuwa imetolewa na Mungu mwenyewe, na bado dawa ilibandikwa. Kwetu sisi hili ni sheria. Kutoka katika maneno ya Torati juu ya mtu aliyejeruhi mwenzake, kwamba ahakikishe anaponywa kabisa, wanazuoni walijifunza kwamba tabibu amepewa ruhusa ya kuponya, na Shulchan Arukh unasema kwamba kuponya ni amri na ni kuokoa uhai, na anayejizuia anamwaga damu. Rabi Yanai alifundisha kwamba mtu asisimame mahali pa hatari akisema atatendewa muujiza, kwa kuwa huenda asitendewe. Kusimamisha dawa ni kusimama mahali hapo. Usikubali hata kwa siku moja, bila kujali ni nani anayekusihi. Mkutano wenyewe si mahali penu, na unaweza kulisema hilo bila kumvunjia heshima dada yako. Akitaka kumwombea shemeji yake, amwombee huko kwao, nawe mshukuru, kwa maana anampenda.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ningependa ulijue mapema, ingawa natumaini hutalihitaji. Rabi Yehuda Mkuu alipokuwa akifa, wanafunzi wake walisali bila kunyamaza, na mjakazi wake alipanda juu ya paa akaomba kwamba walio chini wawashinde walio juu wanaomtaka. Lakini alipoona mateso yake, jinsi alivyokuwa akivua na kuvaa tefilini, visanduku vya maandiko vinavyofungwa mkononi na kichwani, kila aendapo chooni, akaomba kinyume, na kwa kuwa wanafunzi hawakunyamaza, akautupa mtungi chini kutoka juu ya paa. Wakashtuka, wakanyamaza kidogo, naye Rabi akapumzika. Talmudi haimlaumu mjakazi huyo. Rabi Nissim wa Gerona alijifunza kutoka kwake kwamba ipo saa ambayo rehema ina sura nyingine. Saa hiyo, kama itakuja, wewe uliye karibu na kitanda utaijua kuliko mtu yeyote aliye sinagogi, na ukifika hapo zungumza na rabi kabla ya kuamua lolote.

Kwa sasa fanya hivi. Katika sala ya siku za kazi, ukifika kwenye baraka ya nane, "Utuponye, nasi tutaponyeka", mtaje mumeo kwa jina lake la Kiebrania na jina la mama yake. Huna haja ya kumwambia Mungu kwa njia ipi. Omba dawa zishike, omba madaktari waone wanachotakiwa kuona, omba usiku usiokuwa na maumivu, omba apone. Yote hayo yako mbele yenu, na hakuna hata moja lililopita. Siku ya Sabato tunapunguza kilio na kusema kwamba ni Sabato, si siku ya kulia, na uponyaji uko karibu kuja; usijilazimishe kulia siku hiyo, mpumzike wote wawili. Ukienda tena kuchukua majibu ya kipimo, nenda na mtu, na uombe asubuhi kabla ya kutoka nyumbani. Ukijikuta umeipakata bahasha na maneno yakakutoka, usijihukumu; endelea kwa kusema tu, "na chochote kilichomo, tusaidie."

Mzee wako mwamkie kama kawaida. Ukipata nafasi, mwulize juu ya lundo la nafaka, kwa maana nadhani atafurahi kulisoma pamoja nawe.

Nitumie jina la mumeo pamoja na jina la mama yake, kama mnaridhia, ili nami nimtaje asubuhi.